Godoro la Tatu Juu ya Kamio

Ulikuwa ule mwaka tuliokula makemba, ndizi zile za kupika, asubuhi, makemba saa sita, na magaribi makemba tena, kwa sababu samaki na mafuta havikupanda kutoka Goma, na maharagi yetu yalibaki mashambani, upande wa waasi. Si mwaka wa volkano iliyoingia katikati ya muji, maana ule tulikula biskuti za msaada, ngumu sawa vile vigae. Wala si mwaka wa waasi wale wa zamani, ule tulichimba viazi kwa kuiba katika mashamba yetu wenyewe. Nasema mwaka wa makemba. Kila mutu wa Kiwanja anaujua, tumbo lake lilimwambia.

Pale kwenye mashini ya kusaga muliniuliza: "Mama Sifa, mulitelemuka wanawake watatu kwenda kutembea Goma, umerudi peke yako. Wengine uliwatupa wapi?" Nilijibu nusu, nikaona kila mumoja amerudi kwake na habari tofauti. Mumoja akasema tulipigana. Mwingine akasema Mama Furaha ameolewa. Basi nimechukua kaye hii, daftari langu, na bik, niandike yote mara moja, na atakayetaka kuongeza aongeze ya kwake.

Nianze na siri yenyewe ili musisumbuke kuitafuta. Walitaka nibaki Goma. Binti yangu Sifa alikuwa ameniita mara tatu nihamie kwake, mara tatu nikakataa. Akaona mama yake ni jiwe, akawapitia rafiki zangu. Mama Furaha alijua, Mama Kahindo alijua, Mama Zaina wa Mabanga alijua. Hata shofa wa gari alijua. Mimi peke yangu ndiye niliyevaa kitenge kizuri nikidhani naenda wikendi.

Kutoka Kiwanja

Ijumaa asubuhi Mama Kahindo alikuja kunipigia hodi. Munamujua, yule Munande wa soko, hawezi kuongea bila kushika mukono wa mutu. Akasema, "Mama Sifa, miaka mingapi hatujakaa sisi wanne pamoja? Twende tule sambaza, tupige foto, Jumatatu tunarudi." Nikafikiri juu ya wale samaki wadogo wa ziwa, sambaza ya kukaanga, na mimi nikiwa na makemba kwenye meno, nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Ninyi watoto hamujui kwamba sisi wanne tulikaa parselle moja huko Mabanga, mutaa wa Goma, tukiwa bado wanawake wa kuangaliwa njiani. Milango mine, uwanja mumoja, bomba moja. Mimi, Mama Kahindo, Mama Furaha aliyekuja kutoka vilima vya Masisi na maziwa yake, na Mama Zaina, ambaye babu zake walifika na biashara kutoka Maniema. Mumoja akiwasha mbabula, wanne wanapika. Mutoto akilia, anayekuwa karibu anamupa titi. Sifa wangu alinyonya kwa Mama Zaina wiki mbili nzima nilipokuwa mugonjwa, na mupaka leo Mama Zaina anapogombana naye anamwambia, "Nyamaza, maziwa yangu yako ndani ya mifupa yako."

Tuliondoka na kamio, lori la kubeba makemba, ya Papa Rashidi, shemeji yake Mama Zaina. Sisi watatu tukakaa mbele naye, kama wakubwa. Kabla ya kupanda niliangalia juu ya muzigo. Juu ya makemba kulikuwa na magodoro matatu yamekunjwa na kufungwa kamba.

"Hayo magodoro ni ya nani?" nikauliza.

"Ya mutu wa soko," Mama Kahindo akajibu, na ameshanishika mukono.

Tulipopita Rutshuru, Papa Rashidi akaniuliza, "Mama Sifa, nyumba umemuachia nani?"

"Nimuachie nani? Nguruwe na kuku wako na jirani mupaka Jumatatu."

Akageuza uso kumuangalia Mama Kahindo. Mama Kahindo akakohoa. Akakohoa tena, akaomba maji, akasema ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na vumbi hakuna hata ya kutia jichoni. Lakini mimi nilikuwa nafikiria sambaza, sikushika kitu.

Kibumba, na baridi yake

Baada ya Rumangabo njia inapanda, na ukipanda unaona mashamba ambayo watu wameyaacha. Mahindi yamekauka yamesimama, hakuna wa kuyavuna.  Mama Furaha ni mutu wa kuimba njiani, lakini tangu Rugari hakuimba. Nikamwambia, "Furaha, uko na nini?" Akasema, "Baridi." Nikamupa shali yangu.

Kibumba tukasimamishwa. Wasoda wa jeshi walikuwa wanapitisha magari yao na hakuna mutu wa kupita. Tulikaa hapo masaa mane. Kibumba mawingu yanalala njiani sawa vile ng'ombe, na baridi inaingia kwenye magoti. Kulikuwa na mwanamuke anachoma viazi chini ya ukuta, tukaenda kwake kukaa karibu na moto. Alituambia ameshahama mara mbili tangu mwaka kuanza, na kila akihama anabeba lile jiko lake la bati, kwa kuwa watu wanaokimbia wananunua viazi kuliko watu waliotulia. Alisema hivyo bila kucheka. Viazi vyake vilikuwa vizuri, ngozi imeungua, ndani ni unga mutupu. Akatupa na chumvi yenye pilipili kwenye jani la kabichi. Mwaka ule, chumvi ya bure. Nilimukumbatia.

Mwanajeshi mumoja akaja kutuuliza. Mutoto mudogo wa mutu, bunduki inamuzidi urefu.

"Ba mama, munaenda wapi?"

"Goma," nikasema.

"Munakimbia?"

"Hapana. Tunaenda kutembea."

"Kutembea namna gani?"

"Kutembea. Kula samaki, kupiga foto, kucheka."

Akatuangalia mumoja mumoja kama tumekunywa. Halafu akakaa juu ya jiwe. "Tangu niletwe hapa," akasema, "sijaona mutu anayepita kwa kutembea. Wote wanakimbia. Mama, utanicheka, lakini niambie tena."

Nikamwambia tena. Samaki, foto, kucheka. Mama Furaha akasimama ghafla akaenda nyuma ya kamio. Nilidhani ameenda kukojoa. Kumbe alikuwa analia, kwa kuwa yeye alikuwa anakimbia kweli, na godoro lake lilikuwa juu ya makemba, na mimi nilikuwa namudanganya mwanajeshi kwa niaba yake bila kujua.

Saa tisa wakatuachilia.

Kushuka mupaka Mabanga

Karibu na muji unakuta lava ya volkano hii ya mwisho, ile iliyotoka usiku na kukata njia. Wamepasua barabara katikati yake, na huku na huku mawe yamesimama meusi, yanang'aa. Papa Rashidi anapita pole pole. Pale nikaanza kuwachekesha na habari za volkano yetu ya zamani, kwa kuwa gari lilikuwa na huzuni na mimi sikujua ya nini.

Siku ile, moto ukishuka katikati ya muji, kila mutu alishika alichoona. Mama Zaina alikimbia na termosi ya chai, imejaa, hakumwaga hata tone mupaka Gisenyi. Mama Furaha alikimbia na kiatu kimoja cha mume wake, cha kushoto. Mama Kahindo alibeba mutoto wa jirani, wa kwake akawa amebebwa na jirani, wakabadilishana mupakani. Na mimi nilikimbia na Sifa mugongoni na mwiko mukononi. Nilikuwa nasonga bugali. Muzee wangu ndiye aliyenichongea mwiko ule, wa muti wa parachichi, wiki tuliyooana. Nyumba iliungua, kitanda kiliungua, vyeti vya shule vya muzee viliungua, mwiko ukabaki. Tulipofika Kiwanja kwa ndugu zake hatukuwa na sufuria, lakini mwiko tulikuwa nao.

"Na ungebaki bila mwiko ungefanya nini?" Papa Rashidi akauliza.

"Ningerudi kuuchukua."

Walicheka wote. Mama Kahindo alicheka kupita wengine, akaufuta uso kwa kitenge, na akaubana mufuko wake wa mukononi katikati ya miguu.

Mama Zaina alitupokea mulangoni. Amekuwa munene, miguu inamuuma, lakini mikono ni ileile ya kuvuta watu. "Mumechelewa, pilau imekuwa uji," akasema. Haikuwa uji. Ilikuwa pilau yenye iliki, na sambaza pembeni zimekauka zinavunjika, na mboga za lengalenga zenye karanga. Nilikula mupaka nikafungua kitenge kidogo. Mama Zaina ananiangalia nakula, anasema, "Huko kwenu wanakulisha nini, mawe?" Nikamwambia makemba. Akaniwekea tena. Nilifikiri ni upendo tu. Ulikuwa upendo, lakini ulikuwa na kamba ndani.

Jumamosi, juu ya jiwe

Hii ndiyo siku nitakayoikumbuka hata nikisahau majina ya wajukuu.

Asubuhi Mama Furaha alitoa vitenge vine vya rangi moja, manjano kama kiini cha yai, vimeshonwa tayari. Alikuwa amepeleka vipimo kwa fundi kwa kukadiria, na kwa kukadiria alinikadiria kama nilivyokuwa zamani. Kitenge kikanishika kama ngozi ya soseji. Mama Zaina akasema, "Usikae chini, simama tu muchana wote." Tukaenda ziwani hivyo, wazee wanne wa manjano. Watu wa moto, pikipiki zile za kubeba watu, wanapunguza mwendo watuangalie. Mumoja akatuita bibi zake, akauliza, "Ba koko, harusi iko wapi?" Mama Zaina akamujibu, "Tunakutafuta wewe bwana harusi." Yule akaongeza mwendo.

Tulipiga foto na ziwa nyuma. Tulikula sambaza tena, za moto, kwenye karatasi. Upepo ulikuwa unatoka Idjwi na maji yametulia. Nikasema, "Hapa ndipo tulifulia." Mama Kahindo akasema, "Na hapa ndipo yule mume wa mutu alikuita." Nikamwambia afunge kinywa, muzee amekufa lakini masikio yake sijui yako wapi.

Halafu tukasema tutafute parselle yetu. Ni mimi niliyesema.

Watu wa Goma wanajua shida hii. Lava ikipita haikuachii alama. Ardhi inapanda urefu wa mutu, halafu watu wanajenga juu, na mutaa wako uko chini kama kaburi. Hakuna muti, hakuna bomba. Kilichobaki ni musikiti muzee tu, ambao lava ilipitia pembeni. Kutoka musikitini tulihesabu hatua, kwa kuwa zamani Mama Zaina alikuwa anasema ni hatua mia na ishirini mupaka kwetu, alizihesabu kila siku akirudi.

Lakini hatua za nani? Miguu yake sasa inamuuma, hatua zake ni fupi. Mama Kahindo ana miguu mirefu. Mama Zaina akahesabu, akafika mbele ya duka la misumari. Mama Kahindo akahesabu, akafika ndani ya shimo la takataka.

"Zaina, zamani ulikuwa unatembea haraka," nikamwambia. "Ulikuwa na bwana anakungojea."

"Basi nitembee kama vile ananingojea?"

"Ndiyo."

Akavuta pumzi, akashika kitenge, akatembea. Naapa kwa macho yangu, yule mwanamuke wa magoti mabaya alitembea kama musichana. Sisi watatu nyuma yake tunahesabu kwa sauti. Mia na ishirini ikaishia mulangoni mwa saluni ya kusuka nywele.

Tukaingia. Musichana wa saluni akatukaribisha, akauliza tunataka mutindo gani. Mama Furaha akamwambia, "Mutoto, chini ya miguu yako kuko jiko letu."

Hapo tukakosea. Mujini, mwanamuke muzee akiingia akisema chini yako ni kwangu, maana yake amekuja na avoka wa kumutetea kortini na karatasi. Musichana akabadilika rangi. Akachukua telefone akamuita mwenye nyumba. Mwenye nyumba akafika na pikipiki, hajafunga hata shati, na bahasha ya vyeti kwapani. Akaanza kusema alinunua, ana muhuri, ana mashahidi, na kama ni korti twende korti.

Nikamungoja amalize. Nikamwambia, "Papa, hatutaki parselle yako. Tunataka kukaa kidogo."

"Kukaa mukifanya nini?"

"Kukaa tu. Tuliishi hapa, metre mbili chini. Yeye alikuwa na mulango pale kwenye kioo. Mimi pale penye ndoo."

Yule mwanaume akatuangalia, wazee wanne wa manjano. Akarudisha bahasha kwapani. Akamwambia musichana atuletee viti, na akatununulia fanta.

Tulikaa mupaka saa kumi na moja. Musichana alinisuka nywele kidogo zilizobaki, akisikiliza. Tulionyeshana: hapa bomba, hapa ukuta tuliopaka chokaa siku ya ubatizo, hapa Mama Furaha alimwagia maji ya sabuni yule mukusanya kodi. Mama Kahindo alitaja majina ya watoto wote waliozaliwa katika uwanja ule, tisa, na wawili waliokufa. Hakuna aliyelia. Ilikuwa muzuri kupita kulia. Nikasema kwa kinywa changu, na nawaambia ili musidhani sikujitia mwenyewe mutegoni: "Ningeweza kukaa hapa siku zote."

Wakaangaliana wote watatu.

Himbi

Jumapili baada ya misa tulikwenda Himbi kwa Sifa. Yeye na mume wake wanakaa nyumba ya nyuma katika uwanja wa ofisi moja. Kuko majani yaliyokatwa sawasawa, kuko ukuta na mulinzi, na ziwa unalisikia. Sifa alikuwa amepika kuku. Aliponikumbatia nikasikia moyo wake unapiga kama wa mutoto aliyevunja sahani.

"Mama, njoo uone kitu," akasema.

Akanifungulia chumba. Kitanda kipya, neti imefungwa vizuri, pazia la maua. Juu ya kitanda godoro lenye ukanda wa bluu, na nililijua, kwa kuwa masaa mane ya Kibumba nilikuwa sina kingine cha kuangalia. Na kwenye musumari ukutani, umening'inia, mwiko.

Sasa sikilizeni. Mugeni haendi na mwiko. Mugeni anakula kilichosongwa na wenyewe, hata kama ni kibaya anameza. Mwanamuke akiingia nyumbani na mwiko wake, ama ameolewa hapo ama amehamia. Nyinyi wote munajua hivyo na hakuna aliyetufundisha. Niliuona mwiko ule nikajua yote, magodoro, kikohozi, pilau, machozi ya Kibumba. Vyote vikaja kwa mara moja.

Nikakaa kitandani. Wote wanne wamesimama mulangoni.

"Nani aliingia jikoni kwangu?" nikauliza.

Mama Kahindo akasema pole pole, "Ni mimi. Ijumaa, ulipokuwa unaoga, na leo asubuhi nikautuma huku pamoja na godoro. Nilisema, huyu mwanamuke alikimbia volkano na mwiko. Mwiko ukikaa, naye atakaa."

Nikauteremusha. Nikaugeuza. Nikaunusa. Halafu, kwa kuwa Mungu ananipenda, nikaanza kucheka, na nilicheka mupaka kitenge kikapasuka mugongoni.

"Kahindo," nikasema, "huu ni mwiko wa nguruwe. Huu nakorogea machicha. Wa muzee naufungia sandukuni."

 Halafu Mama Zaina akasema, "Kahindo, huo mwiko umelala nyumbani kwangu siku mbili."

"Ulilala ndani ya mufuko."

"Mufuko ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Lakini umefungwa."

"Umefungwa sana ama kidogo?"

"Zaina, umefungwa sana."

"Mungu ameona nia yangu," Mama Zaina akasema, akaenda kuosha mikono mupaka viwiko, na tulimusikia huko nje anacheka peke yake kwenye bomba.

Lakini kicheko kikaisha na chumba kilikuwa bado kipo. Mama Furaha akakaa karibu na mimi akaniambia ukweli. Yeye na Mama Kahindo hawarudi Kiwanja. Nyumba wamefunga. Walikodi pamoja chumba huko Mabanga, karibu na Mama Zaina. Walishindwa kuniaga, ndiyo maana wakatengeneza wikendi. "Tulisema angalau tufurahi kwanza," akasema. "Na tulisema ukifurahi, utabaki."

Basi wakaanza wote. Sifa alisema halali usiku akisikia neno Rutshuru kwenye radio. Mama Kahindo alisema waasi wako kilimani, wanaona moshi wa majiko yetu. Mama Zaina akarudi na mikono yake yenye maji, na yeye hana njia ya kona, akaniuliza, "Ukifa kule wakati njia imefungwa, nani atakuosha?"

Swali hilo liliniingia. Siwafichi. Niliangalia neti, niliangalia pazia. Nilifikiri juu ya ile saluni na viti vine. Pale Goma ndipo walipo watu wanaojua nilikuwa nani kabla sijawa koko. Kiwanja kuko nini? Kuko nguruwe, kuko shamba, kuko kaburi la muzee katikati ya migomba yake. Na kuko mulango ambao nilijenga mara tatu, mara ya kwanza na muzee, mara mbili peke yangu.

Nikawaambia, "Volkano ilinitoa Goma. Waasi walinitoa Kiwanja mara mbili. Kila mara nilikimbia kwa miguu yangu nikijua ninachokimbia. Ninyi ndio wa kwanza kunitoa kwangu kwa sambaza."

"Mama, ni kwa upendo," Sifa akasema.

"Najua. Ndiyo maana sijakasirika. Na wewe unasema hapa ni salama. Mulima uko nyuma ya shingo yenu, siku yoyote unaamka. Huku moto, kule risasi. Kule najua njia ya kupita nikikimbia, hata macho yamefungwa."

"Kwa hiyo?" Mama Zaina akauliza.

"Sihami. Nimehama vya kutosha."

Sifa akalia. Nilimushika kichwa kama zamani. Kuku alikuwa amepoa, tukamula hivyo hivyo. Godoro lenye ukanda wa bluu nikasema wampe yule musichana wa saluni, alisema analala juu ya mukeka.

Kurudi

Jumatatu Papa Rashidi alipanda na muzigo mudogo, chumvi na sabuni, nikakaa mbele peke yangu. Wale watatu walinisindikiza mupaka mwisho wa lami, wamevaa tena manjano, bila kupanga, kila mumoja alidhani ni yeye tu. Mama Kahindo alinishika mukono mupaka gari likaanza kutembea, akawa anakimbia pembeni na yeye ni muzee. Mama Furaha aliimba. Mama Zaina alinipa termosi ya chai.

Tukafika Kibumba. Pale Papa Rashidi akasema, "Mama Sifa, unisamehe, na mimi nilijua." Nikamwambia nilishamusamehe tangu Himbi, ila kikohozi cha Mama Kahindo ndicho sijakisamehe. Yule mwanamuke wa viazi hakuwa tena pale ukutani. Kulikuwa na majivu na majani ya kabichi. Mwanajeshi alikuwa mwingine. Akauliza, "Mama, watu wanatelemuka, wewe unapanda?" Nikamujibu, "Napanda."

Nilifika kabla ya jua kuzama. Nguruwe alipiga kelele kama nimemuacha mwaka. Nikafagia uwanja, nikakata majani kwa muzee, nikasonga bugali ya mutu mumoja. Ni ndogo sana bugali ya mutu mumoja. Inashika chini ya sufuria kabla hujageuza mara mbili. Nilikula nikihesabu hatua mia na ishirini kwa kichwa, nikasikia njaa ya watu, ile ambayo chakula hakiitoi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyepigana, na Mama Furaha hajaolewa.

Sasa nimalize, kwa kuwa tangu niliposhika kaye hii siku zimepita na mambo yamesogea. Juzi mabomu yalisikika upande wa mbuga. Jana nilipita njiani nikaona jirani wa kushoto anafunga godoro, jirani wa kulia anafunga mbuzi. Ninyi mulioniuliza kwenye mashini munakuja kwangu wawili wawili. Munasema mumekuja kusikiliza habari za Goma, munakaa, munaangalia paa, munaangalia mulango. Mama wa mashini mwenyewe amekuja asubuhi hii, amebeba mujukuu mugongoni, muzigo uko kichwani tayari. Hakukaa. Akasema kamio ya Papa Rashidi inaondoka saa sita, kuko nafasi ya mutu mumoja mbele, amenishikia. Akasema Sifa amepiga telefone mara saba. Akasema, "Mama Sifa, sisi wote tunatelemuka. Utabaki kuongea na nani?"

Nikamwambia asalimie wale watatu, aanze na Zaina. Nikamwambia musikitini ahesabu hatua mia na ishirini, za haraka, atakuta saluni, aseme nimemutuma, watampa kiti.

"Na wewe?" akauliza.

Sihami. Nimehama vya kutosha.